Kibali cha Jiko la Mzee Aspinall

Jumatatu, 3 Juni
Wiki ya kumi na tisa tangu tuanze kuinunua nyumba ya mzee Aspinall, na bado si yetu. Mimi na Glenys bado tumebanana chumba cha nyuma kwa mama yake hapa Colne. Leo mama mkwe ameuliza tena, kwa ule upole wake wa kuudhi, kama wakili wetu bado yu hai. Nimempigia. Karani anasema Bi Threlfall yuko kikaoni. Wiki kumi na tisa yuko kikaoni! Nikapiga tena kwa sauti nzito, nikajiita Kanali Pomfret. Karani akajibu, "Kikao bado, Bwana Haslam." Hasira zilinipanda hadi chai ikanishinda.

Jumanne, 4 Juni
Bi Threlfall ameandika! Barua, kwa posta, na ofisi yake iko mtaa wa pili. Kumbe kilichotukwamisha ni jiko. Mzee Aspinall aliliongeza nyuma ya nyumba miaka ishirini iliyopita, na kibali cha halmashauri hana. Si neno, anasema: mzee atatukatia bima, halmashauri wakileta matata bima italipa, na Ijumaa tutatia saini. Sharti ni moja. Mtu yeyote asiwatajie halmashauri jiko hilo. Wakishajua, hakuna kampuni itakayotoa bima. Hapo amepiga mstari. Mara mbili. Glenys amesoma barua kwa sauti, kisha akanitazama mimi. Sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji Clive, kaka yake Glenys, kaja kula pai. Yeye alinunua nyumba kwa wiki sita na hutusimulia kila anaposhika uma. Kaniambia mbele ya mama mkwe, "Yaani shemeji umekaa tu, unangoja barua? Hebu changamka, bwana!" Mama mkwe akacheka hadi njegere zikamtoka. Maneno yamenichoma. Watanitambua.

Alhamisi, 6 Juni
Nimechangamka. Bima ya nini, wakati kibali chenyewe kipo kwa wenyewe? Nimewapigia halmashauri. Mama mmoja mcheshi amepokea papo hapo. Papo hapo! Huyo ndiye angekuwa wakili wetu. Nimemweleza jiko lote: urefu, upana, bomba la maji machafu, hata rangi ya vigae. Jina langu sikutaja, mimi si mjinga. Nimempa anwani ya nyumba tu.

Ijumaa, 7 Juni
Hatukutia saini. Bi Threlfall amenipigia mwenyewe, kwa mara ya kwanza, nikadhani ananipa hongera. Halmashauri walimpigia mzee Aspinall jana ile ile. Bima imekufa. Sasa lazima mkaguzi wa halmashauri aje, na mzee ana mnunuzi mwingine mwenye pesa mkononi. Huku kwetu, kabla ya saini, muuzaji ana ruhusa ya kumpa nyumba amtakaye. Glenys kalia. Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye akaoka keki ya tangawizi, akaenda kwa mzee, wakakaa saa mbili. Mzee kakubali kungoja hadi tarehe 20, ila mimi nisiguse kitu. Glenys kanishika mikono yote miwili: "Nigel, nakuomba. Hata simu usiishike." Nimeapa.

Jumatano, 19 Juni
Mkaguzi amekuja. Nami nilikuwepo, nimekwenda na Glenys kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mapazia si simu. Jiko limepita! Halina kasoro hata moja. Kesho saa nne asubuhi tunatia saini. Glenys kanikumbatia mbele ya mzee, nami nikahisi machozi yananilenga.

Mkaguzi alikuwa keshafunga begi, mkono uko kwenye kitasa. Nikaona, kwa nini tubakize viporo? Nikamwuliza kwa adabu kama na kile chumba cha juu, alichokijenga mzee mwenyewe chini ya paa, kina kibali.

Akalifungua begi.

Glenys hajanisemesha tangu hapo. Uchovu, nadhani. Mzee Aspinall amempigia yule mnunuzi mwingine palepale, mimi nikiwa bado na utepe wa kupimia mkononi. Sijui ana haraka ya nini. Mkaguzi ameniahidi majibu kamili kwa wiki nane tu.