Kitabu cha Kumpeleka Ersilia San Brizio

Jumatatu, 3 Juni

Vita vimetangazwa. Jana mezani mke wangu Ersilia alisema mwaka huu twende pwani, sisi wawili pamoja na dada yake Norma na mume wake, mwanyumba wangu Ottavio. Pwani ipi? Ottavio akadakia: kwao, Adriatiki, mchanga laini kama unga na miavuli iliyopangwa kama askari. Nikasema: kwetu, San Brizio, Liguria. Ersilia akakunja uso. Amefika huko mara moja tu, wakati wa fungate letu, na mvua ilinyesha tangu tuliposhuka kwenye treni mpaka tulipoipanda tena. Akaamua: kila mwanamume alete kitabu kimoja cha mwongozo wa wasafiri Jumapili. Atasoma, atachagua, hataki kelele.

Niliondoka San Brizio kijana, nikaja Torino kutafuta kazi ya kiwandani. Nyumba yetu iliuzwa. Sidai mengi. Nikae na Ersilia juu ya ukuta wa bandari, jua liwepo, aseme ni pazuri. Basi.

Jumanne, 4 Juni

Duka la vitabu. Mwenye duka, Bi Pautasso, aliniuliza nataka mwongozo wa namna gani. Nikamwambia wa kweli. Kipimo changu ni kimoja: tafuta San Brizio, soma. Kitabu cha kwanza hakiitaji kabisa. Nikakirudisha rafuni kichwa chini. Cha pili kinasema ni “kijiji kitulivu”. Kitulivu! Hivyo ndivyo watu wanavyosema juu ya marehemu. Cha tatu kinadai dagaa wetu wa ndimu wanafanana na wa Pontelupo. Pontelupo! Majirani wa ng'ambo ya rasi, wanaoosha dagaa kwa maji ya bomba! Nilisema maneno. Bi Pautasso akaniomba nishushe sauti, eti kuna wateja wanaosoma mashairi.

Cha nne! Ukurasa mzima juu ya Pontelupo: ufukwe mwembamba, kengele za kanisa zisizolala, mkate mgumu. Nilisoma nimesimama, nikicheka peke yangu. Mwandishi huyu ana akili! Nikakinunua papo hapo.

Jumatano, 5 Juni

Balaa. Kule dukani, kwa furaha, sikusoma juu ya San Brizio yenyewe. Nimesoma leo. Inaanza vizuri: bandari ya kupendeza kuliko zote upande ule, maji unayaona mpaka chini. Nikageuza ukurasa. “Wenyeji hawacheki na mgeni. Hubishana juu ya dagaa mpaka chakula kipoe, na burudani yao ni kuitazama bahari wakiwa wamenuna.”

Uongo mtupu! Nani amenuna? Nimenuna mpaka jioni.

Bi Pautasso amekataa kunibadilishia. Anasema nimeshapiga mistari kwa kalamu. Kweli nimepiga, penye mkate mgumu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata dawa. Sifa ziko mbele, matusi yako nyuma yake. Nimepika uji mzito wa unga, nikaubandika ukurasa wa matusi na ule unaofuata, nikakilaza kitabu chini ya sufuria kubwa. Ersilia akauliza sufuria inafanya nini juu ya kitabu. Nikasema ninakinyoosha. Akanitazama muda mrefu kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemkuta Ottavio akinywa kahawa kwenye baa ya chini, kitabu chake mezani makusudi, kimejaa picha za rangi.

“Shika adabu zako, mwanyumba,” akasema, “kokoto zenu zitamtoboa dada wa watu nyayo.”

Nikamjibu kwao bahari haina kina: unatembea mpaka unachoka, maji bado yako magotini. Mwenye baa alicheka. Moja bila.

Jumapili, 9 Juni

Ersilia alisoma cha Ottavio, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafungua changu. Vidole vyake vimeshona nguo za watu maisha yote. Vilihisi unene wa karatasi kabla macho hayajaona. Alikwenda jikoni, akakishika kitabu juu ya mvuke wa sufuria ya tambi, akarudi kurasa zimeachana, akasoma kwa sauti. Yote. Mpaka kununa.

Nikatazama dirishani.

“Jamani,” Norma akasema, “hivi huyu mwandishi anamjua shemeji?”

Ottavio nusura asongwe na tambi. Ersilia alicheka mpaka akavua miwani. Akasema miaka yote hii amekuwa akidhani kasoro ile ni yangu mimi peke yangu. Sasa anataka kwenda akaone mji mzima wa namna hiyo.

Tunakwenda San Brizio! Mpango wangu umefaulu kama nilivyokusudia.

Jumanne, 16 Julai, San Brizio

Jua. Tuliketi ukutani. Ersilia akaning'iniza miguu, akatazama, akasema ni pazuri. Upepo uliingia machoni.

Ottavio amenunua viatu vya kukanyagia kokoto na analalamika. Norma anaogelea. Ersilia keshaitwa na wanawake watatu kusafisha dagaa, na wanamwita dada. Mimi niliongea na muuza mkate kwa kilugha chetu. Akanisifu: kwa mtu wa Torino, nimejifunza vizuri.

Sitaliacha hivi. Nimeanza kuandika mwongozo wangu mwenyewe, sahihi, utakaowaaibisha waandishi wale wote wanne. Sura ya kwanza: ukarimu wa watu wa San Brizio na namna wanavyompokea mgeni. Nilikuwa katikati ya sentensi nzuri sana, macho baharini, mtu wa Milano akaja na mkewe kuniuliza njia ya kwenda ufukweni. Nikamwambia asinisumbue, nina kazi.