Saini ya Mjomba Silvesta

Jumanne, 5 Novemba 1996. Makote.
Oliva kachaguliwa chuo cha ualimu cha serikali, Mtwara. Mtoto wa dada yangu Anastasia! Akili za upande wetu hizo. Fomu nimeletewa mimi, maana kwetu mtoto ni wa mjomba, na mlezi wa kutia saini ni mjomba. Nikaikunja, nikaifungia sandukuni. Sitii saini! Asiporipoti kufikia Alhamisi ijayo, nafasi anapewa mwingine. Apewe! Zamani serikali ilikupa blanketi, sabuni, mpaka lori la kukufuata. Siku hizi unachangia, na godoro uende nalo. Kama ni kulipa, si bora ulipe kwa mtu binafsi, mwenye chake? Mwalimu Bartholomayo, yule mstaafu, kaniuliza mbele ya watu nimesoma wapi. Nikasema Lukuledi, kwa mapadri. Akauliza darasa la ngapi. Mwalimu mzima, maswali ya kishamba!

Jumatano, 6 Novemba
Filemoni, mnunuzi binafsi wa korosho, ana chuo chake Masasi. Kanionyesha kijitabu. Ghorofa! Kompyuta! Nikampa magunia matatu, nafasi ya Oliva tayari. Dada akauliza korosho zile zilikuwa zangu au zetu. Nikamjibu zilikuwa za elimu.

Ijumaa, 8 Novemba
Tumeteremka Masasi, mimi na Oliva, kukiona chuo. Ghorofa hakuna. Ni lile ghala la zamani la chama cha ushirika! Oliva kahesabu wanafunzi wanne na mwalimu mmoja, ambaye ndiye mpishi. Akafunua kitambaa kilichofunika kompyuta. Taipureta. Mimi hata sikutazama. Nilikuwa nanusa. Harufu ya magunia bado imo ukutani! Mizani ile ile pembeni! Hapa mwaka sabini na mbili nilibeba magunia mawili, moja kila bega, na karani kakaa juu anaandika. Machozi yakanitoka. Oliva akauliza kama nalilia korosho zetu. Nikasema vumbi.

Jumapili, 10 Novemba
Oliva kaja na shikamoo tamu na bakuli la uji. Eti vijana wanabisha kwamba saini yangu ilisifiwa Lukuledi. Wanabisha! Padri mwenyewe aliiona akavua kofia. Nikafungua sanduku nitoe kalamu. Sanduku hili marehemu mjomba Majaliwa alilibeba kichwani kutoka hapa hadi Lukuledi, siku mbili, mimi nyuma natafuna muhogo, simba wanatupisha njia. Kufika, akatakiwa kutia saini. Hakujua kalamu. Akaweka dole gumba, akaniambia, sisi ni wa dole, wewe utakuwa wa kalamu. Nikafumba macho kidogo. Kisha nikamwekea Oliva saini, si moja, nne! Karatasi alikuwa ananishikia yeye, kwa adabu kabisa.

Jumatatu, 11 Novemba
Karatasi ya nne ilikuwa fomu! Kaitoa sandukuni nilipofumba macho! Bartholomayo kaikagua, kasema haijapata kuonekana saini safi kama ile. Nimefoka mpaka kuku wakakimbia. Dada akasema, kaka, foka huku unatafuta kamba ya godoro. Nikatafuta.

Jumanne, 12 Novemba
Oliva kaondoka. Sanduku nimempa. Nililibeba mwenyewe kichwani hadi barabarani. Karibu hadi barabarani. Shingo ililia kwenye mkorosho wa tatu, Bartholomayo akashika upande mmoja. Lori lilipokwenda alinipa leso. Vumbi tena.

Alhamisi, 14 Novemba
Kijiji kizima nimeshakieleza jinsi nilivyompeleka Oliva serikalini kwa mbinu zangu. Leo nikashuka kwa Filemoni kudai magunia. Kasema hayarudi, ila nafasi bado ipo. Nafasi ipo! Nikavuta fomu. Mwanafunzi: Silvesta. Elimu: Lukuledi. Mlezi... hapo nikakwama. Kisha nikachovya dole gumba kwenye wino, nikamwekea mjomba la kwake. Saini yangu ikakaa chini yake, mkia umezunguka mara tatu. Filemoni anasema kompyuta ya kweli iko njiani, imekwamia gunia moja tu. Kesho asubuhi nampitia dada na gunia tupu.