Naomba Mti wa Posta Ukatwe

Kwa Mheshimiwa Tokunaga,
Mkuu wa Posta ya Kamisawa.

Natumai baridi ya mwaka huu haijakushika magoti. Mimi ni Hatakeyama Kinue, mjane, muuza achari za figili mkabala na kituo cha treni. Kwa heshima zote naomba mti ulioko uani pa posta ukatwe kabla haujanimaliza.

Kwanza. Mti huo ndio ule ambao jani lake ukilikwaruza kwa kijiti, maandishi hubaki meusi. Wazee husema hata neno letu hagaki, kadi ya posta, lilizaliwa kwenye majani kama hayo. Sikatai. Lakini Bwana Mukai, fundi saa mstaafu, jirani yangu kabisa, huchuma jani, huliandika, hulibandika stempu, nanyi mnaniletea. Angeweza kubisha hodi.

Pili. Jani halina bahasha. Tarishi wenu Sugimori hulisoma njiani, akifika hunipa muhtasari: "Mama, leo anasifu achari zako, ila anasema chumvi imezidi." Nilipomkemea alijibu, "Lina stempu, mama. Lazima lifike."

Tatu, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Jani la kwanza liliandikwa "Hatakeyama-sama", ukoo wa marehemu mume wangu na mkia wa heshima kuu, kama adabu ya barua inavyotaka. Nikalipokea. Likaja la "Kinue-sama", jina langu mwenyewe. Nikafunga dirisha. Kisha "Kinue-san", mkia wa mazoea, kama watu wanaopika na kupakua pamoja. Na jana, Mheshimiwa, "Kinue". Jina kavu, bila mkia wa heshima, limevuka mtaa mzima mchana kweupe. Marehemu mume wangu hakuthubutu hivyo mpaka tulipooana. Bibi Onodera, muuza mboga jirani, aliniita toka kwenye kabichi zake: "Shoga, heshima yako imedondokea wapi?" Nikacheka, jambo lililonishtua zaidi.

Nne. Kwa mwendo huu jani lijalo halitakuwa na jina kabisa, na Sugimori ataniletea kwa kuona tu uso wangu ulivyoiva kwa haya. Serikali haiwezi kuruhusu hayo.

Nisalimie mkeo, makarani wote, na Sugimori pia, ingawa hastahili.

Wako mtiifu, mwenye kero,
Hatakeyama Kinue

N.B. Tafadhali msiukate mti. Jani la leo limefika kabla sijafunga bahasha ya barua hii. Limeandikwa "Mukai Kinue": ukoo wake, jina langu. Sugimori ameniuliza, "Mama, hapa hakuna mtu wa jina hilo. Nilirudishe?" Nimemjibu kwamba yupo, ila alikuwa hajaambiwa.