Mzee Sefania Ameanza Kukataa Lumbesa

Mombo,
12 Mei 2003

Kwa Daktari wa Mashine ya Kichwa,

YAH: KUOMBA MZEE SEFANIA ARUDISHWE ALIVYOKUWA

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu, utanirudishia tukionana.

Mimi ni dalali wa kabichi za Lushoto. Mkulima wangu, Mzee Sefania, alipata kiharusi mwaka juzi. Mkono ulipona, ulimi ukapona, ila hakujali kitu tena. Ukimuuliza lolote anajibu "sawa" na kuendelea kutazama ukuta. Mkewe Marta alilia sana. Mimi nilimshukuru Mungu kimyakimya, maana huyo ndiye mkulima wa soko huria.

Ndipo nanyi mkampiga sumaku kichwani wiki tatu, bila kisu wala sindano. Mlimwambia Marta ni majaribio tu, huenda yasisaidie. Yamesaidia, na madhara yake ni haya:

1. Ameuliza bei ya Dar es Salaam. Kabla ya hapo hakuuliza hata kama mvua imenyesha.

2. Amekataa lumbesa. Gunia likijaa tumezoea kuliongezea kichwa juu, tunakishonea kamba, na bado tunalihesabu moja. Yeye sasa anafunga gunia mdomoni na kusema limejaa. Nilijisikia vibaya sana mbele ya wapakiaji wangu.

3. Jumapili baada ya ibada aliwafundisha wenzake kufunga hivyo hivyo. Hao hawajapata kiharusi wala sumaku, lakini nao wanakataa. Kumbe kujali kunaambukiza, na hamkututahadharisha.

4. Amemwambia mkewe mboga haina chumvi. Marta amelia tena, akaita majirani waje wamsikie akilalamika. Siku hiyo hakuna aliyenipimia kabichi.

Daktari, kutojali kuna faida zake. Mama yangu naye alipata kiharusi mwaka jana. Anakaa kitini kutwa, haombi, hakatai, hasumbui mtu. Nchi nzima ikikaa hivyo biashara itakwenda vizuri. Kwa hiyo naomba sumaku igeuzwe upande wa pili, Mzee apigwe tena wiki tatu.

Nisalimie wauguzi wote, na fundi wa mashine, na mlinzi wa getini.

Wako katika soko huria,
Idrisa

Tanbihi: Barua hii nimeileta mwenyewe. Niko hapo nje kwenye benchi pamoja na mama, anaitwa Tatu. Zamani nikirudi safari alikuwa ananiuliza kwanza kama nimekula. Tangu augue hajaniuliza. Magunia ya Mzee Sefania nitayachukua yakiwa yamefungwa mdomoni. Kama mashine ni moja tu, tafadhali msiigeuze.