Mlango wa Umuhoza na Uzinduzi wa Mashine ya Mandhari

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi aliyeshindwa kufika. Wakuu wa mitaa yote ya Nyamirambo. Wadau wa maigizo, wadau wa mbao, na wadau mliofuata soda. Mheshimiwa sana baba mkwe na Mheshimiwa zaidi mama mkwe, niliowapata Jumamosi iliyopita tu na bado siamini. Na wewe, Umuhoza wangu, mke wangu wa siku tano, uliyeketi safu ya mbele katika vazi la mshanana la rangi ya machungwa hata jua la Kigali likaona haya: kila mmoja ajihesabu ametajwa. (Makofi. Umuhoza anajifunika uso.)

Mimi Kagabo, Mkurugenzi wa Ofisi ya Mandhari ya Kidijitali, ninafahamu fika kwamba sasa ni saa nane, kwamba waamuzi wa tamasha wanafika saa kumi, na kwamba kikundi cha maigizo cha Mama Mukandekezi kisipokuwa na nyumba jukwaani, yenye mlango unaofunguka, kinaondolewa mashindanoni. Msiogope! Ndiyo maana wiki tatu zilizopita ofisi yangu ilichukua mbao zao zote kumi na mbili za plaiwudi, ili mkakati jumuishi wa kuchora kwa kompyuta na kukata kwa leza utekelezwe kwa awamu, tukianza na awamu ya kuandaa awamu. (Mukandekezi: "Mashine iko wapi, bosi?")

Swali limepokelewa na litaundiwa kamati. Ndugu zangu, zamani seremala alipima mlango kwa kamba, akakata kwa msumeno, akakosea, akatukana. Sasa unachora katika sofwea, unabonyeza, mashine inakata, hakuna wa kutukanwa. Utafiti wetu unaonyesha kwamba misumari imepungua kwa asilimia tisini na saba nukta nne. (Mzee Mutabazi, seremala wa kikundi: "Imepungua kwa sababu uliichukua na kopo lake!" Kicheko.)

Mnaniuliza, Mkurugenzi, ulipata wapi maono haya? Kituo cha mabasi cha Nyabugogo, ndugu zangu! Kati ya wapagazi na magunia ya viazi, Umuhoza alisimama kwenye mlango wa basi la Huye, nyuma yake mwanga, mkononi sanduku. Nikasema moyoni: huu ndio muundo! Hadi leo, kila nikichora tao la mlango, mstari unakataa kunyooka, unafuata nyusi zake. Mafaili yote ya ofisi yanaitwa Umuhoza. Umuhoza wa kwanza, Umuhoza wa pili, Umuhoza wa mwisho, Umuhoza wa mwisho kabisa. (Vigelegele. Mama mkwe anapangusa macho.)

Na matokeo yapo! Tazameni nyuma yangu, upinde huu wenye mlango na maua ya karatasi. Umefanyiwa majaribio Jumamosi, siku ya gusaba na harusi, tulipokwenda kwa wakwe Rebero kuposa rasmi. Wazee walipomaliza kubishana kwa mafumbo, mlango ukafunguka, bibi harusi akatolewa. Watumiaji waliopita: mmoja. Walioridhika: mimi. (Mukandekezi amepanda jukwaani. Anachungulia nyuma ya upinde. "Mutabazi! Njoo uone. Rangi yetu ya bluu! Hizi ndizo mbao zetu, za ile nyumba ya mwaka jana!")

Hiyo ni... hiyo ni teknolojia ya kutumia tena. (Umuhoza anasimama. "Kagabo, uliniambia mashine iliukata kwa ajili yangu.")

Mpenzi, katika ngazi ya sera, iliukata. ("Nani aliukata?")

Shemeji yako Niyonzima. Kwa msumeno. Siku mbili. (Ukumbi mzima unacheka, baba mkwe akiongoza. Mutabazi anatoa bisibisi na kuanza kufungua skrubu. Umuhoza anavua viatu, anapanda, anashika kona.)

Naomba utulivu, ubomoaji haumo kwenye ratiba! Umuhoza, ni mlango wetu! ("Mimi nimeshapita. Sasa wapite wengine.")

Mmeona jinsi anavyosema? Mmeona? Kwa hiyo, nikihitimisha, semeni nami: Jukwaa la kidijitali! (Ukumbi: "Mbao zetu!") Bonyeza, ikate! (Ukumbi: "Rudisha, tucheze!")

Nawashukuru wote mliofanikisha mradi huu. Naishukuru ofisi yangu, ambayo ni simu hii. Naishukuru mashine, ambayo ni picha iliyomo ndani yake. Namshukuru mchoraji wetu mkuu wa kompyuta, ambaye tutamtafuta tukishapata kompyuta. Na zaidi ya wote namshukuru mke wangu, ambaye... jamani, ni mzito huo, ataumia! Umuhoza, subiri, nakuja. (Anaweka kipaza sauti chini. Sauti yake inasikika kwa mbali: "Nishike wapi?" Mutabazi: "Huku chini, Mheshimiwa. Na mikono yote miwili, mlango huu haubonyezwi.")