Laini Ambayo Mumbi Hangeweza Kusikiliza

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi. Manyunyu tangu asubuhi, mtaa wetu wa Kamenu wote matope. Miaka kumi na tisa tangu nipunguzwe kazi ya kuunga nyaya za simu, na leo nimepata kazi mpya. Atakayenipa kazi hiyo bado hajui.

Nzilani, binti ya dada yangu, alikuja kula mchana. Anasoma fizikia chuo kikuu, amepanga chumba mtaa wa Kahawa Sukari. Nikamwuliza siku hizi wanafundishwa nini. Akasema kwantamu. Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu aliyepanda nguzo maisha yake yote.

Akaeleza. Unatuma chembe za mwanga, moja moja, ndani ya faiba, ule uzi wa kioo. Chembe hizo zinabeba ufunguo wa siri, na ufunguo ndio unaofunga ujumbe. Mtu akizichungulia njiani, zinabadilika. Hazina namna ya kuchunguliwa zikabaki vilevile. Mkilinganisha baadhi ya zilizotumwa na zilizopokelewa, mnajua kuna sikio la tatu. Mnautupa ufunguo huo na kuanza upya. Anasema kampuni za simu ng'ambo zimeshaanza kujaribu.

Sikumaliza sahani yangu ya muthokoi. Nilikuwa nimemkumbuka Waweru, mwenye duka la hadiwea Ruiru na ghala kule Theta. Lori lake la simiti likikaribia kufika, mwenye duka la ng'ambo ya barabara anakuwa ameshajua siku na saa, na wateja ameshawavuta kwake. Waweru anaapa simu yake inasikilizwa.

Nitamjengea laini isiyosikilizika! Zamani nikipita sokoni Thika watu waliniita Fundi. Siku hizi naitwa kwa jina la mke wangu, mzee wa Mama Muema.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwona Waweru. Amekubali nimwonyeshe Jumamosi, kutoka ofisi ya ghala hadi stoo ya nyuma, hatua mia tatu katikati ya shamba la nepia, majani ya ng'ombe. Tatizo ni moja. Gachau alikuwepo.

Gachau tuliajiriwa mwaka mmoja. Yeye kituo cha Ruiru, mimi Thika. Mwaka wa tisini na moja alisema mbele ya msimamizi kwamba viungo vyangu vya waya vinavuja maji. Sijasahau. Siku hizi anaweka faiba kwenye mijengo ya Ruiru na anavaa koti lenye jina lake mgongoni. Akasema atakuja Jumamosi kushuhudia. Tena atakaa upande wa kupokea, ili kusiwe na maneno.

Nikampigia Nzilani kuhusu vifaa. Akasema vifaa vya kweli vya kunasa chembe moja ya mwanga havipatikani hivi hivi, na vilivyo bora kabisa huwekwa kwenye baridi kali kuliko baridi yoyote duniani. Akasema pia chembe hizo huwezi kuzikuza njiani kama tulivyokuza sauti zamani. Akaniomba niache.

Mimi nilishika neno moja. Baridi.

Nimeunda kisanduku cha kupokelea mwanga, nikakiweka ndani ya friza ya Mama Muema. Nyama iliyokuwamo niliihamishia barazani, maana hali ya hewa ni ya friza pia.

Alhamisi, 12 Juni

Mbwa wa jirani hawajui hali ya hewa. Nyama ilikuwa ya akina mama wa kanisa, ya mkutano wa leo. Mbwa wamekula nyama, wao wamekula kabichi.

Mama Muema haongei nami. Amenitumia ujumbe wa simu akiwa jikoni, nami nikiwa sebuleni, kwamba kisanduku kitoke. Kimetoka. Kilikuwa kimeshika barafu na sasa hakiwaki.

Basi nimefanya uamuzi wa kifundi. Faiba italazwa, tochi ya leza nyekundu itamulika ndani yake ili mwanga uonekane, na mazungumzo yenyewe yatapita kwenye waya wa kawaida wa simu. Taa ya hatari, ya kumwonyesha Waweru kwamba kuna sikio la tatu, itawashwa na swichi, swichi itakuwa chini ya kiatu changu. Sio udanganyifu. Ni mfano wa kile ambacho kingetokea kama vifaa vingekuwepo.

Inabaki kupata msikilizaji wa kukamatwa. Ni nani mwingine ila Mumbi?

Alikuwa opereta, na kila simu ya mbali ya Thika ilipita mikononi mwake. Alichomeka waya, akasema "Namba, tafadhali," na wanaume wakavua kofia ndani ya kibanda. Alijua nani ana mgonjwa Mombasa, nani kafeli mtihani, nani anaoa. Nikifunika mashimo ya nyaya jioni, nilisikia waya ukivuma nikajua ni mji mzima unaongea. Sasa kila mtu ana simu mfukoni na mji haunifikii.

Nimempata kwa binti yake Ruiru. Amekubali papo hapo. Sikumweleza habari ya kiatu.

Jumamosi, 14 Juni

Theta. Ukungu. Waweru ofisini na kipokeo cha simu cha zamani, kile cheusi. Gachau stoo, na koti lake. Mumbi kwenye kiti katikati ya nepia, shali mabegani, vibanio vya visikizio vyake vimeshika waya wangu. Miaka sabini na minne, mgongo umenyooka. Mimi kando yake, mguu tayari.

Mpango ulikuwa rahisi. Waweru amwambie Gachau siku ya lori. Mumbi aanze kusikiliza. Mimi nikanyage, taa iwake, Waweru aone kwamba laini imemkamata.

Mumbi akavaa visikizio. Akafunga macho. Akasema, "Namba, tafadhali."

Sauti ile ile. Haijazeeka hata kidogo! Nikaona chumba cha simu, mafuta ya sakafu, viti virefu, wasichana saba kwa mstari, mvua ya Aprili dirishani. Nikavua kofia.

Sikukanyaga. Nilikumbuka kiatu Waweru alipokwisha kuongea na kukata.

Akatoka ofisini akauliza mbona taa haikuwaka. Nikasema laini iko safi, hakuna aliyesikiliza. Ndipo Mumbi alipovua visikizio.

"Alhamisi saa nne asubuhi," alisema. "Hata hivi vya masikioni sikuvihitaji. Umepiga kelele, Waweru, mpaka ng'ombe wamesikia."

Gachau akaja kutoka stoo. Alisema na yeye amesikia kabla ya kuinua simu. Kisha akamweleza Waweru, kwa upole ulioniuma kuliko matusi, kwamba dukani Ruiru huwa anaongea na dereva mlangoni, spika ikiwa imewashwa. Hakuna anayeingilia laini yake. Mtaa wote unasikiliza bure.

Waweru akamwalika Gachau chai. Mimi nikakunja faiba. Nepia ilinilowesha hadi magotini.

Mumbi alibaki kunisaidia. Akauliza kama Wavinya, ndiye Mama Muema, hajambo, kisha akauliza kama niliwahi kumwambia habari ya ile simu ya mwaka wa themanini na nne.

Sijawahi kumwambia.

Jumapili, 15 Juni

Mumbi alikuja Kamenu baada ya kanisa, kumjulia hali Mama Muema. Nzilani pia alikuwepo. Nilitamani chembe za mwanga zinibadilishe nisionekane.

Nikasema mwenyewe kabla sijasemewa. Kwamba mwaka huo nilimpigia Wavinya huko Kangundo, alikokuwa karani, nikiwa kibandani Thika, ili nimwombe tuoane, na maneno yakakwama. Kwamba sauti ya opereta iliingia taratibu ikaniambia, mwambie hulali. Nikasema silali. Ikaniambia, mwambie unataka kwenda kwao mwezi wa nane. Nikasema hivyo. Miaka arobaini na mmoja mke wangu ameamini nilikuwa na maneno.

Mama Muema aliweka kikombe chini.

"Nilijua, Baba Muema," alisema. "Wewe hujawahi kutaja moyo bila kukohoa. Siku hiyo hukukohoa."

Akamshukuru Mumbi, wakashikana mikono muda mrefu. Nzilani akasema kwa laini ya kwantamu sikio la Mumbi lingegunduliwa, ufunguo ungetupwa, nami ningekuwa bado nimesimama kibandani. Walicheka wote. Mimi nilitoka nje kuangalia nguzo ya zamani ya simu iliyobaki kwenye kona yetu. Haina waya. Nimeiegemea kidogo.

Nyama imesamehewa. Nimejifunza. Mambo ya kwantamu nimewaachia wasomi.

Jumanne, 17 Juni

Nzilani ametaja jambo dogo kwenye simu. Mitambo ya simu lazima yote ifuate saa moja isiyopishana, la sivyo mazungumzo yanagongana, na wataalamu wanatengeneza saa za kwantamu zisizokosea hata kidogo.

Saa zisizokosea! Mchungaji wetu kila Jumapili anapitisha ibada kwa dakika hamsini na analaumu saa ya ukutani.

Nimemwandikia barua mchungaji. Naenda kumwona kesho saa tatu. Nzilani ameniomba jina lake lisionekane popote. Katika barua nimelitaja mara mbili tu.