Bei ya Gego la Kulia

Jumatatu, 5 Julai 1965
Gego la chini, kulia, linanipiga nyundo. Mke wangu Mwanakheir anasema niende hospitali ya serikali, bure. Bure! Mimi, karani, nikae foleni na watu wa kuhara? Nimekwenda kwa Mcha, mng'oa meno wa Mkunazini. Nikamuuliza bei kwanza. Akasema bei huitaja jino likishatoka. Haramia! Damu zinamtoka mtu, atabishana kwa mdomo upi? Mgonjwa ana haki ya kujua kabla. Nikaondoka na haki yangu na maumivu yangu.

Jumanne, 6 Julai
Hila. Nimemtuma jirani yangu Simai, mtu laini kuliko godoro, akajifanye mgonjwa, aulize bei, arudi. Karudi kashika shavu. Mcha kamwambia hawezi kukisia bila ya kutazama. Akatazama. Akaona kitundu. Akang'oa. Shilingi kumi na tano! Eti Simai anazidai kwangu. Nilimtuma kuuliza, sikumtuma kufungua mdomo. Mjinga.

Alhamisi, 8 Julai
Usingizi hakuna. Mwanakheir kavaa buibui lake, kaenda kwa Mcha. Hana hila hata moja! Kasimama mbele ya wagonjwa wote, kasema: "Bwana Mcha, gego moja kiasi gani? Sema kabla hujamshika mtu." Mcha akaguna. Bibi mmoja kwenye benchi akasema, "Na mie nitajie langu." Na mwengine. Benchi zima likafumba midomo mpaka bei itajwe. Mcha akaandika karatasi: gego moja, shilingi saba. Bahati tu. Wanawake hawayajui mambo haya.

Ijumaa, 9 Julai
Nimekwenda na karatasi. Lakini mimi si Simai! Akitazama ndani, ataona cha kuongezea bei. Nikamkataza asitazame. Nikamwonyesha kwa kidole, juu ya shavu lililovimba. Akasema, "Bwana, ning'oe nisichokiona?" Nikampungia karatasi. Akapapasa, akang'oa. Shilingi saba, hakuthubutu kuongeza hata senti. Ushindi!

Jumamosi, 10 Julai
Gego bado linauma. Lililotoka ni jirani yake, zima, jeupe kama tui. Mwanakheir kanambia, neno moja moja, kama anasema na kiziwi, niende hospitali leo hii. Simai kacheka mpaka kashika shavu. Wapuuzi wawili. Kosa ni la karatasi: haikutaja gego lipi. Nnaandika nyengine, safi. Jumatatu Mcha atanitajia, mbele ya mashahidi, kabla hajagusa kitu, bei ya kulirudisha lile zima.